Kigong'ota wa Masafa Mafupi

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme. Ni habari ya kelele moja iliyosikika redioni tangu mwaka 1976 mpaka mwaka 1989, na ya watu waliotaka kujua inatoka wapi. Mwishoni mtapata maswali ya kuzungumza kikundini, basi wekeni karatasi na kalamu karibu.

Kwanza tuwajue watu hao. Katika nchi nyingi wako watu wenye leseni ya serikali ya kupeleka na kupokea habari kwa redio, si kwa mshahara wala kwa biashara, bali kwa kupenda tu. Tutawaita watu wa redio ya ridhaa. Mmoja huwa mwalimu, mwingine fundi wa saa, mwingine mkulima. Kila mmoja ana mtambo wake nyumbani, na huzungumza na wenziwe walio ng'ambo ya bahari kwa maneno au kwa alama za Morse. Hutumia sana masafa mafupi, kwa sababu mawimbi yake hupanda juu, yakapiga tabaka la hewa lenye chembe za umeme, kisha yakarudi chini mbali sana.

Adui mkubwa wa mtu kama huyo ni mkwaruzo. Sauti ya mwenziwe humfikia kama mnong'ono. Kelele ikiingia, maneno yamepotea. Kwa hiyo tangu zamani watu hawa ni hodari wa kutafuta chanzo cha kelele. Kanuni yao ya kwanza ni hii: anza kwako. Mtu huzima umeme wa nyumba nzima, akasikiliza kwa redio ya betri. Kelele ikinyamaza, mkosaji yumo ndani. Labda ni mota, labda ni swichi iliyolegea. Isiponyamaza, hutoka nje akafuata nyaya za umeme, maana hata kikombe cha nguzo kilichopasuka huweza kutoa cheche na kuharibu redio za mtaa mzima.

Basi, mwezi wa Julai 1976 ikaja kelele ya namna nyingine. Iligonga ko-ko-ko-ko, mara 10 kwa kila sekunde, mfano wa ndege kigong'ota atoboaye mti. Watu wakazima umeme wa nyumba zao, haikunyamaza. Wakaulizana wao kwa wao, wakaona kwamba aliye Ulaya anaisikia na aliye Marekani anaisikia. Tena haikukaa mahali pamoja. Ilihamahama baina ya megahezi 7 na 19 hivi, ikikanyaga masafa ya ridhaa, masafa ya stesheni za matangazo, na hata yale ya meli na ya ndege za abiria.

Wangefanya nini? Walirudi kwenye kazi waliyoijua. Wengi wao wana antena ya kuzungushwa juu ya mlingoti. Mtu huizungusha polepole mpaka sauti izidi nguvu, kisha husoma upande huo kwa dira na kuuchora mstari katika ramani. Mstari mmoja hausemi mengi; chanzo chaweza kuwa popote juu yake. Lakini mtu wa pili, aliye nchi ya mbali, akichora mstari wake, mistari miwili hukutana. Na wa tatu huwasahihisha wale wawili.

Kazi hii ina mitego. Wimbi la redio hufuata mviringo wa dunia, kwa hiyo mstari ulionyoka katika ramani ya ukutani huweza kumdanganya mtu. Ni afadhali uzi uliovutwa juu ya tufe. Pili, wimbi lililorudi kutoka juu huweza kuyumba kidogo, na kosa dogo la upande, kwa mwendo wa maelfu ya kilomita, huwa kosa la mamia ya kilomita. Hata hivyo, mistari ilipowekwa pamoja, ilikutana katika Umoja wa Kisovieti, upande wa Ukraine.

Kugonga kwenyewe nako kulikuwa ushahidi. Wimbi la redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde huenda kilomita 30,000, yaani kwenda 15,000 na kurudi 15,000. Mtu apigaye kelele, akanyamaza, akapiga tena, ni mtu angojaye mwangwi. Hiyo basi ilikuwa rada, na rada ya kuona mbali kupita upeo wa macho.

Ndivyo ilivyokuwa. Jina lake lilikuwa Duga, nayo ilijengwa ili kugundua makombora yakirushwa kutoka Marekani. Mtambo wa kupeleka ulikuwa karibu na Liubech, na wa kupokea ulikuwa kiasi cha kilomita 60 kutoka hapo, karibu na Chernobyl. Wa pili wa namna hiyo ulijengwa mashariki ya mbali, karibu na Komsomolsk-on-Amur.

Nchi nyingi zililalamika. Lakini mkataba wa kimataifa wa mawasiliano ulikuwa umeziachia serikali uhuru juu ya mitambo yao ya kijeshi, ukiwataka tu wajizuie kudhuru wengine kwa kadiri iwezekanavyo. Neno hilo, "iwezekanavyo", lilikuwa mlango mpana. Wako watu wa ridhaa waliojaribu kulipiza kwa kugonga nao. Wengine walitengeneza vifaa vya kuziba redio kwa nukta ile ile ya kila pigo. Kigong'ota aliendelea mpaka mwaka 1989, vita baridi vilipokuwa vinakwisha. Miaka mitatu kabla ya hapo, tarehe 26 Aprili 1986, kinu cha nguvu za atomiki cha Chernobyl kilikuwa kimelipuka, na antena ile ya kupokea ikawa ndani ya eneo lililohamwa na watu. Minara yake ya chuma, yenye urefu wa mita 150 hivi, ilibaki imesimama, na kabla ya vita vya mwaka 2022 watalii walikwenda kuitazama.

Tunajifunza nini? Kujua chanzo cha taabu si sawa na kuwa na uwezo wa kuiondoa. Watu wale hawakuizima rada. Lakini siri iliyozungushiwa uzio na askari haikufichika kwa watu wenye dira, saa na daftari, waliokubali kulinganisha waliyoyasikia. Mmoja peke yake angekuwa na mstari tu. Walipokuwa wengi walikuwa na mahali.

Sasa maswali ya kikundi. La kwanza: kwa nini mstari mmoja wa dira hautoshi? La pili: kama rada ingegonga mara 20 kwa sekunde, mwangwi ungeweza kurudi kutoka umbali gani kabla ya pigo linalofuata? La tatu: je, ni haki serikali kuwa na uhuru katika hewa ambayo wote huitumia? Jadilianeni bila haraka. Kwaherini.