FAHAMU: Daftari la Umma la Wahalifu wa Makosa ya Kingono Linavyofanya Kazi katika Kaunti ya King, Marekani

Katika Kaunti ya King, jimbo la Washington nchini Marekani, mwananchi yeyote anaweza kufungua tovuti ya umma na kuangalia, bila malipo na bila kueleza sababu, iwapo karibu na makazi yake anaishi mtu aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa la kingono. Kaunti hiyo, ambayo makao yake makuu ni jiji la Seattle, ina wakazi zaidi ya milioni 2 na ndiyo yenye watu wengi zaidi kati ya kaunti 39 za jimbo. Katika miji yake ya kusini, ikiwemo Kent, Tukwila na SeaTac, zinaishi familia nyingi zilizotoka Afrika Mashariki na Kongo.

Makala haya yanaeleza nani huandikwa katika daftari hilo, nani hulisimamia, taarifa zipi huwekwa hadharani na zipi huhifadhiwa. Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba orodha inayoonekana kwenye tovuti si daftari lote. Mzazi asiyelijua hilo anaweza kutafuta jina la mtu, akalikosa, na kudhani kwamba mtu huyo hana rekodi yoyote.

Chimbuko la sheria

Jimbo la Washington lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Jamii mwaka 1990, kufuatia mashambulizi ya kikatili dhidi ya watoto yaliyotikisa jimbo hilo mwaka uliotangulia. Sheria hiyo ililazimisha wahalifu wa makosa ya kingono kujisajili kwa sherifu, yaani mkuu wa vyombo vya usalama vya kaunti, na ikaruhusu vyombo hivyo kuwaarifu wananchi.

Serikali ya Shirikisho ilifuata baadaye. Sheria ya mwaka 1994 iliyopewa jina la mtoto Jacob Wetterling, aliyetekwa Minnesota mwaka 1989, ilizitaka serikali za majimbo kuanzisha madaftari ya aina hiyo. Mwaka 1996, sheria iliyopewa jina la Megan Kanka, mtoto wa miaka saba aliyeuawa New Jersey, ilizitaka kutoa taarifa kwa umma. Sheria ya Adam Walsh ya mwaka 2006 iliweka viwango vya kitaifa vya usajili.

Mwaka 2003, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa uamuzi katika shauri kutoka jimbo la Alaska kwamba usajili wa aina hiyo ni hatua ya kiutawala ya kulinda umma, wala si adhabu ya pili juu ya ile iliyotolewa na mahakama.

Wajibu wa kujisajili

Mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa la kingono linalotajwa na sheria hujisajili kwa sherifu wa kaunti anakoishi ndani ya siku 3 za kazi baada ya kuachiliwa. Hutakiwa kutoa jina lake na majina mengine anayotumia, anwani kamili, tarehe na mahali alipozaliwa, mahali anapofanya kazi, na kosa alilotiwa hatiani. Hupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Kumbukumbu hizo hupelekwa kwa Polisi wa Jimbo, wanaotunza daftari kuu la Washington.

Akihama ndani ya kaunti, hutoa taarifa ndani ya siku 3 za kazi. Akihamia kaunti nyingine, hujisajili huko ndani ya muda huohuo na kumjulisha sherifu wa kaunti aliyoihama. Asiye na makazi ya kudumu hulazimika kuripoti mwenyewe kwa sherifu kila wiki.

Muda wa usajili hutegemea uzito wa kosa. Kwa makosa makubwa ya kundi C ni miaka 10, na kwa kundi B ni miaka 15, ambayo mhusika anatakiwa kuishi uraiani bila kutenda kosa jipya. Kwa kundi A, ambalo ndilo zito zaidi, wajibu hauna kikomo. Baadhi ya waliosajiliwa huweza kuiomba mahakama iwaondolee wajibu huo baada ya miaka 10, na mahakama hukubali au kukataa kwa kupima ushahidi. Kukwepa kujisajili kwa makusudi ni kosa la jinai linalojitegemea.

Madaraja matatu

Kila aliyesajiliwa hupangwa katika daraja. Kwa wanaotoka magereza ya jimbo, kamati maalumu chini ya Idara ya Magereza hupitia majalada yao kabla ya kuachiliwa na kupendekeza daraja. Sherifu ndiye mwenye uamuzi wa mwisho.

• Daraja la Kwanza: uwezekano mdogo wa kurudia kosa katika jamii kwa ujumla.
• Daraja la Pili: uwezekano wa wastani.
• Daraja la Tatu: uwezekano mkubwa.

Daraja hupima uwezekano wa kurudia kosa dhidi ya jamii. Halipimi ukubwa wa madhara aliyoyapata mwathirika. Mtu aliyemdhulumu mtoto wa familia yake mwenyewe anaweza kuwekwa Daraja la Kwanza, kwa kuwa hakuonekana kuwa tishio kwa watu asiowafahamu. Kwa jamaa wanaofikiria kumpokea nyumbani, jina la daraja peke yake haliwezi kuwa kinga.

Taarifa zinazoonekana na zisizoonekana

Tovuti ya umma huonyesha waliosajiliwa wa Daraja la Pili na la Tatu. Aliye katika Daraja la Kwanza haonekani, isipokuwa pale anapokiuka masharti ya usajili au asipokuwa na makazi ya kudumu. Kinachochapishwa ni jina, picha, maelezo ya umbile, makosa husika, na anwani ya jumla.

Anwani hiyo haitaji namba ya nyumba. Anayeishi katika nyumba namba 1247 huonyeshwa kuwa anaishi katika eneo la namba 1200 la mtaa huo. Hivyo alama kwenye ramani huwakilisha kipande cha mtaa chenye nyumba kadhaa, na nyumba iliyo chini kabisa ya alama hiyo inaweza kuwa ya familia isiyohusika kwa namna yoyote.

Nje ya tovuti, sheria inaelekeza nani aarifiwe. Kwa Daraja la Pili, sherifu anaweza kuzijulisha shule, vituo vya kulelea watoto, maktaba, taasisi zinazohudumia watoto, wanawake na watu wenye mahitaji maalumu, pamoja na majirani. Kwa Daraja la Tatu, taarifa hutolewa kwa umma wote. Kwa Daraja la Kwanza, taarifa huweza kutolewa kwa mwathirika, shahidi, mkazi wa karibu, au mtu anayeulizia mhusika mahususi.

Kifungu hicho cha mwisho ndicho ambacho wananchi wengi hawakifahamu. Mzazi anayetaka kumwajiri mlezi wa watoto, au kumkaribisha mpangaji, asiishie kwenye tovuti. Anaweza kuwasiliana na ofisi ya sherifu na kuuliza kuhusu mtu huyo kwa jina.

Uhakiki wa anwani

Daftari lina thamani pale tu anwani zilizomo zinapokuwa sahihi. Chini ya mpango wa uhakiki wa jimbo, maofisa hufika katika makazi ya waliosajiliwa angalau mara moja kila miezi 12 kwa Daraja la Kwanza, kila miezi 6 kwa Daraja la Pili, na kila miezi 3 kwa Daraja la Tatu. Asipokutwa mahali alipojiandikisha, uchunguzi huanza. Mwananchi mwenye taarifa kwamba mtu aliyesajiliwa amehama au anaishi kwingine anashauriwa kuifikisha kwa sherifu, wala si kumfuata mwenyewe.

Hata hivyo, sherifu hana mamlaka ya jumla ya kumchagulia mtu mahali pa kuishi. Aliyemaliza kifungo na kipindi cha uangalizi, na asiye chini ya amri yoyote ya mahakama, huweza kuishi mtaa wowote mradi ajisajili. Kwa aliye bado chini ya uangalizi, masharti ya makazi hutokana na hukumu yake na husimamiwa na Idara ya Magereza.

Safari za nje ya nchi

Aliyesajiliwa hutakiwa kutoa taarifa siku 21 kabla ya kusafiri nje ya Marekani. Aidha, sheria ya shirikisho ya mwaka 2016 inaagiza kuwa pasipoti ya mtu aliyesajiliwa kwa kosa dhidi ya mtoto iwe na maandishi maalumu ndani yake yanayotaja hukumu hiyo. Kwa namna hiyo, maofisa wa uhamiaji wa nchi anakokwenda wanaweza kutambua jambo ambalo awali lilibaki katika kumbukumbu za kaunti moja.

Matumizi mabaya ya taarifa

Taarifa za daftari hutolewa kwa ajili ya tahadhari. Kuzitumia kumtisha, kumnyanyasa au kumdhuru mtu ni kosa la jinai. Mwezi Agosti mwaka 2005, katika mji wa Bellingham, Kaunti ya Whatcom, kaskazini mwa jimbo hilohilo, wanaume wawili waliosajiliwa waliuawa kwa risasi nyumbani kwao na mtu aliyejifanya ofisa wa FBI, aliyekuwa amewapata kupitia orodha ya umma. Muuaji alishtakiwa na kufungwa. Matukio ya namna hiyo huwafanya pia waliosajiliwa kuficha makazi yao, na hapo uwezo wa daftari kulinda watoto hupungua.

Mipaka ya daftari

Daftari huwataja waliokwisha kutiwa hatiani. Haliwezi kumtaja ambaye hajawahi kuripotiwa. Ripoti ya Ofisi ya Takwimu za Haki ya Marekani ya mwaka 2000, iliyochambua makosa yaliyofikishwa polisi katika majimbo 12, ilionyesha kuwa miongoni mwa waathirika walio watoto, takriban asilimia 34 walidhulumiwa na wanafamilia na asilimia 59 na watu waliofahamiana nao. Wageni kabisa walikuwa takriban asilimia 7.

Kwa hiyo, kuangalia tovuti kunapaswa kwenda sambamba na kuzungumza na watoto, kuwafundisha kwamba siri ya kuguswa mwili haifai kutunzwa hata kwa ajili ya ndugu, na kuwasikiliza wanaposema.

Kwa ufupi: hatua kwa mwananchi

1. Tafuta kwa anwani au jina katika tovuti ya sherifu wa kaunti. Kwa utafutaji unaovuka mipaka ya jimbo, tumia tovuti ya kitaifa ya Wizara ya Sheria ya Marekani.
2. Jiandikishe kupokea taarifa kwa barua pepe pale mtu aliyesajiliwa anapohamia karibu na makazi, shule au kazini kwako.
3. Linganisha picha, umri na maelezo ya umbile kabla ya kuamini kwamba jina ni la mtu unayemfahamu, kwani majina hufanana.
4. Usipoliona jina na bado una sababu ya kuuliza, wasiliana na ofisi ya sherifu.
5. Mtoto akiwa hatarini, piga simu 911 mara moja, awe mshukiwa yumo katika daftari au hayumo.