Boksi la spika ya gari: Jinsi ya kulitengeneza bila kuhatarisha abiria

Na Mwandishi Wetu

DEREVA anayetoka Morogoro kwenda Iringa hulazimika kupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa umbali wa takriban kilomita 50. Tembo, twiga, nyati na swala huvuka barabara hiyo mchana na usiku, hivyo kufunga breki ghafla ni jambo ambalo kila dereva hana budi kulitarajia.

Ni katika breki ya namna hiyo ndipo boksi la spika lililowekwa nyuma ya gari bila kufungwa hugeuka kuwa silaha. Boksi la kilo 20, ndani ya gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, hubeba nishati sawa na ile ambayo lingekuwa nayo kama lingedondoshwa kutoka urefu wa mita 10, yaani karibu ghorofa ya tatu.

Hata hivyo, hilo si sababu ya kuliogopa boksi la kujitengenezea. Fundi seremala yeyote makini wa Kilosa au Mikumi anaweza kulitengeneza, ilimradi afahamu kazi yake na mipaka yake.

Kwanza, kwa nini boksi? Spika inaposukuma hewa upande wa mbele, wakati huo huo huivuta upande wa nyuma. Mawimbi hayo mawili yakikutana hufutana, na sauti nzito, yaani besi, hupotea. Kazi ya boksi ni kuyatenganisha.

Nyuzi nene kabisa ya gitaa la besi hutetema takriban mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake lina urefu unaozidi mita nane. Ndiyo maana anayesikiliza nyimbo za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz kwa spika ndogo isiyo na boksi husikia sauti ya mwimbaji na gitaa la solo, lakini besi huisikia kwa mbali tu.

Elimu hii si ngeni. Spika ya mfumo unaotumika hadi leo ilielezwa mwaka 1925 na wahandisi wa Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg. Mwaka 1954, Edgar Villchur, pia wa Marekani, alionyesha kwamba boksi dogo lililozibwa kabisa linaweza kutoa besi nzuri. Baadaye Neville Thiele wa Australia, mwaka 1961, na Richard Small katika miaka ya 1970, waliweka vipimo vinavyomwezesha fundi kukokotoa ukubwa wa boksi badala ya kubahatisha.

Yapo maboksi ya aina mbili yanayotumika zaidi. La kwanza ni lililozibwa pande zote, na la pili ni lenye tundu au bomba la kutolea hewa. La pili hutoa mshindo mkubwa zaidi, lakini kosa dogo la vipimo huharibu sauti na hata spika yenyewe. Anayeanza anashauriwa kutengeneza lililozibwa.

Kwa sabufa ya inchi 12, ujazo wa lita 28 hadi 35 hufaa spika nyingi, ingawa karatasi ya mtengenezaji ndiyo ya kufuatwa. Boksi lenye vipimo vya ndani vya sentimita 40 kwa 35 kwa 25 lina lita 35. Ukiondoa nafasi inayochukuliwa na sumaku ya spika, hubaki takriban lita 32.

Mbao za MDF zenye unene wa milimita 18 hutumika sana kwa kuwa ni nzito na hazitetemi ovyo. Kasoro yake ni maji, kwani zikilowa huvimba na kumomonyoka. Wakazi wa Kilosa wanaokumbuka mafuriko ya Mto Mkondoa ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 hawahitaji kuelezwa zaidi. Kwa gari linalopita kwenye maji na matope, plaiwudi nzuri iliyopakwa rangi pande zote ni bora.

Vipande vikatwe kwa pembe mraba, viunganishwe kwa gundi ya mbao na skrubu zilizotanguliwa na tundu dogo ili mbao isipasuke. Gundi ikikauka, viungo vyote vya ndani vizibwe kwa silikoni, nayo iachwe ikauke kabisa kabla ya spika kufungwa. Njia rahisi ya kupima ni kuisukuma spika taratibu kwa viganja viwili. Ikirudi polepole, boksi limezibika. Ikirudi mara moja, hewa inavuja.

Hatari ya pili ni moto. Amplifaya ya wati 400 inaweza kuvuta ampea 50 au zaidi kutoka betri ya volti 12. Waya mwembamba hupata joto, ganda lake likayeyuka. Waya mkuu uwe mnene wa kutosha, na fyuzi ifungwe karibu na betri, isizidi sentimita 45, ili waya ukichunika na kugusa bodi, umeme ukatike.

Malori mengi yanayopita Mikumi kuelekea Tunduma hutumia volti 24, kutoka betri mbili. Kuchukua volti 12 kwenye betri moja tu huifanya ichoke mapema, na nyingine ijazwe kupita kiasi. Dawa yake ni kifaa cha kupunguza volti.

Kuhusu kulifunga boksi, bolti au mikanda imara ishikiliwe kwenye chuma cha gari, si kwenye kapeti. Kabla ya kutoboa, fundi achungulie chini, kwani katika magari mengi tanki la mafuta au mabomba yake yako hapo.

Aidha, masikio nayo yana kikomo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asisikilize muziki wa desibeli 80 kwa zaidi ya saa 40 kwa wiki, na muda huo hupungua haraka kadiri sauti inavyopanda. Nchini, kelele pia zinadhibitiwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake za mwaka 2015.

Dereva aliyefungulia muziki kiasi cha kutosikia honi ya lori lililo nyuma yake hajafaidi muziki. Boksi bora ni lile linalomfikisha msikilizaji mwisho wa safari akiwa mzima.