Sehemu ya 4: Kabla mtoto hajajifunza kurusha, ajifunze kuanguka

Leo nawapeleka Japani kidogo, halafu tutarudi kwenye kazi yangu.

Ukienda tamasha la utamaduni wa Kijapani, mara nyingi utakuta uwanja wa judo, kendo au aikido. Mabingwa wanaonyesha kwanza, watu wanapiga makofi. Halafu watoto wanaitwa: vua viatu, njoo ujaribu. Wako anakuvuta kanga, "Mama, na mimi!" Kabla hujajibu, sikia hii historia.

Mwaka 1868 utawala wa zamani wa Japani ulianguka, na samurai, yaani wapiganaji wa upanga, wakaanza kupoteza kazi na posho zao. Mwaka 1873 mwalimu wa upanga Sakakibara Kenkichi akaanzisha maonyesho ya mapigano jijini Tokyo, watu wakilipa kiingilio. Kumbe watu walikuwa wanatafuta riziki! Mwaka 1876 samurai wakakatazwa hata kubeba panga barabarani.

Wakati huohuo alikuwepo kijana anaitwa Kano Jigoro, aliyezaliwa 1860. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mdogo. Shuleni walimwonea kwa sababu alikuwa na umbo dogo. Akaenda kujifunza jujutsu, mapigano ya zamani ya mikono mitupu. Mwaka 1879 alikuwa miongoni mwa vijana walioonyesha mchezo huo mbele ya Ulysses Grant, rais wa zamani wa Marekani aliyekuwa ziarani Japani.

Mwaka 1882 Kano akafungua shule yake, Kodokan, ndani ya hekalu la Eishoji, Tokyo. Mikeka 12, wanafunzi 9, basi. Mchezo akauita judo, "njia ya ulaini". Mbinu hatari akaziondoa kwenye mapambano ya kawaida, maana alitaka mchezo ulee watu, sio kuwaumiza. Mwaka 1893 akaanza kufundisha na wanawake pia.

Sasa, somo la kwanza la judo ni kuanguka. Wajapani wanaliita ukemi. Kidevu kinaenda kifuani ili kisogo kisigonge chini, na mkono unapiga mkeka kupunguza kishindo. Mtoto anaanza akiwa amechuchumaa, halafu anasimama. Kurusha kunakuja baadaye.

Lakini hapa ndipo roho inaniuma. Katika hiyohiyo Japani, tangu 1983 watoto zaidi ya 100 wamefariki kwenye judo ya shule. Wengi waliumia kichwani, na wengi walikuwa wageni kwenye mchezo: walirushwa kabla hawajajua kuanguka. Wapo waliolalamika kichwa kinauma na bado wakarudishwa mkekani. Mwaka 2010 wazazi waliofiwa na walioumiziwa watoto wakaunda umoja wao, wakapaza sauti. Mwaka 2012 michezo hii ya jadi ilipofanywa somo la lazima kwa shule za kati, nchi nzima ilikuwa inazungumzia usalama, na vifo vikapungua sana. Wazazi walisema, watu wakasikia.

Kwa hiyo mimi sikukatazi. Mpeleke, afurahie. Ila mwulize mwalimu mambo matatu: Ataanza kumfundisha kuanguka? Atacheza na mtoto wa umri na uzito wake? Akigonga kichwa, mnafanyaje? Mwalimu mzuri hakasiriki kuulizwa. Akikujibu "mwache akomae", mvalishe mtoto viatu vyake mwondoke.

Mtoto akigonga kichwa, mchezo umeisha kwa siku hiyo, hata kama anasema yuko sawa. Ukiona anatapika, kichwa kinazidi kuuma, anasinzia isivyo kawaida, anachanganyikiwa, amezimia hata kwa muda mfupi au anapata degedege, nenda hospitali saa hiyohiyo. Usisubiri asubuhi. Damu inaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu, na kwa nje usione hata nundu.

Kano aliyeonewa kwa udogo wake aliacha mchezo ambao mdogo anaweza kumwangusha mkubwa. Ila aliyeangushwa anatakiwa ainuke mzima, arudi kwa mama yake.

Kama una swali, niandikie hapa chini. Sehemu ya 5 tutaongelea mivunjiko ya mikono kwa watoto. Usiku mwema.