Gari la kulala: mambo ya kukagua kabla ya kununua na namna ya kulitunza

Kwenye barabara ya Arusha kwenda Namanga, au ya Iringa kwenda Tunduma, si ajabu kupishana na gari refu lenye mapazia madirishani. Ni la watalii wanaovuka Afrika kwa barabara. Ndani yake kuna kitanda, jiko, meza, tangi la maji na pengine choo. Ulaya na Marekani magari ya namna hii hutengenezwa kiwandani yakiwa kamili, na Ujerumani ndiyo soko lake kubwa zaidi barani Ulaya.

Huku kwetu gari la kulala mara nyingi ni Hiace au Canter iliyogeuzwa na fundi. Wanaolihitaji ni watu wa kazi: mfanyabiashara anayehama mnada hadi mnada, mchimba visima anayekaa wiki mbili kwenye kijiji kimoja, au kampuni ndogo ya utalii. Lodging ya kila siku hula faida yao, na mzigo ukiachwa nje hauna mlinzi.

Ukifikiria kununua au kutengenezesha gari kama hilo, kumbuka kwamba unanunua vitu viwili kwa wakati mmoja, gari na nyumba. Kila kimoja kina magonjwa yake. Ya gari yatakula fedha zako. Ya nyumba yanaweza kukuua ukiwa usingizini.

Kabla hujatoa fedha

Wanunuzi wengi hufungua boneti kwanza. Kwa gari la kulala, anza na paa. Injini mbovu hutengenezeka, lakini bodi iliyooza kwa maji ni kazi ya kujenga upya. Panda juu ukague maungio yote, hasa kuzunguka madirisha, tundu la hewa na mahali pa sola palipotobolewa. Kisha ingia ndani ubonyeze kuta na sakafu kwa dole gumba, zaidi kwenye kona. Pakibonyea, au pakinuka ukungu, maji yameshaingia. Muombe muuzaji mmwage ndoo kadhaa za maji juu ya paa na msubiri nusu saa. Akikataa, umepata jibu.

Chini ya gari, tazama kutu kwenye chasisi na mahali samani zilipofungwa. Kitanda na kabati viwe vimefungwa kwa bolti, si kwa misumari. Gari likifunga breki ghafla, kabati lililolegea humfuata dereva.

Tazama pia karatasi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8, na Tanzania huongeza kodi kwa magari makuukuu. Gari la mizigo au la abiria likigeuzwa kuwa la kulala, taarifa zilizo kwenye kadi zinapaswa kubadilishwa: Tanzania kupitia TRA, Kenya kupitia NTSA. Mjulishe na mwenye bima. Ajali ikitokea, bima ya gari ambalo si lile lililoandikwa kwenye karatasi huleta ubishi.

Uzito: hesabu ambayo wengi hawaifanyi

Kila gari lina kikomo cha uzito, na kimeandikwa kwenye kibati, mara nyingi mlangoni au chini ya boneti. Chukua mfano wa gari lenye kikomo cha kilo 3,500, ambalo likiwa na samani zake tu lina kilo 2,950. Zimebaki kilo 550.

Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 100 ni kilo 100. Watu wanne wa kilo 75 ni kilo 300. Mtungi wa gesi wa kilo 15, ukijumlisha na chuma chake, hufika kilo 30 hivi. Betri ya pili nayo ni kilo 30. Jumla ni kilo 460. Kilo 90 zilizobaki ndizo za chakula, nguo, vyombo, tairi la akiba na bidhaa zako zote.

Gari lililozidiwa huchelewa kusimama, hupasua matairi na huvunja springi. Kabla ya safari ya kwanza, pakia kila kitu kisha lipitishe kwenye mizani. Na usisafiri na tangi limejaa kama unakokwenda kuna maji.

Matairi huzeeka hata yakisimama

Gari la kulala linaweza kukaa miezi kadhaa bila kutembea, na hapo ndipo wenye nayo hudanganyika. Wanaona tairi lina meno marefu, wanadhani ni zima. Mpira huzeeka kwa jua na kwa miaka.

Kwenye ubavu wa tairi tafuta namba nne zilizo mwisho wa mstari unaoanza na herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likifika miaka mitano, likaguliwe na fundi kila mwaka. Likiwa na nyufa ubavuni, litolewe hata kama meno yapo.

Pima upepo asubuhi kabla ya kutembea, maana tairi likipata moto kipimo hupanda. Gari likisimama muda mrefu, funika matairi yasipigwe na jua, na lisogeze kidogo kila baada ya wiki chache ili uzito usikae sehemu moja.

Betri mbili, kazi mbili

Gari la kulala lililotengenezwa vizuri lina betri mbili. Moja huwasha injini. Nyingine ni ya nyumba, yaani taa, redio, kuchaji simu na friji. Kati yake kuna kifaa kinachozitenganisha injini ikizimwa. Ukitumia betri moja kwa kazi zote, ipo siku utaamka gari haliwaki.

Betri ya nyumba iwe ya aina ya sola, inayovumilia kutumiwa polepole. Usiishushe chini ya nusu. Kwa betri ya asidi ya volti 12 iliyopumzika saa chache, kipimo husoma hivi:

Volti 12.7: imejaa.
Volti 12.4: robo tatu.
Volti 12.2: nusu. Acha kutumia, ichaji.
Volti 12.0: robo. Unaiharibu.

Betri ya ampea-saa 100 itakupa nusu yake, yaani 50, sawa na wati-saa 600. Taa tatu za wati 5 kwa saa tano hula 75. Simu nne hula kama 60. Redio ya wati 10 kwa saa sita hula 60. Hapo umetumia 195, bado uko salama. Lakini friji ndogo inayovuta wati 45 na kufanya kazi nusu ya siku hula 540 peke yake. Ukitaka friji, lazima uwe na sola ya kutosha au gari litembee kila siku.

Weka fyuzi karibu kabisa na betri, kwenye waya wa chanya. Waya ukichunika bila fyuzi, moto huanzia nyuma ya ukuta ambako huuoni.

Gesi na moshi

Hapa ndipo watu hufa.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu, hukaa sakafuni, chini ya kitanda, ikisubiri cheche. Ndiyo maana kwenye magari ya kiwandani mtungi huwekwa kwenye kisanduku chake kilichofungwa upande wa ndani na chenye matundu chini yanayotokea nje. Mwambie fundi wako afanye vivyo hivyo. Mtungi usimame wima, ufungwe kwa mkanda, na uzimwe gari linapotembea. Mpira wa gesi ubadilishwe ukianza kukakamaa au tarehe yake ikipita. Ukihisi kuvuja, paka povu la sabuni kwenye maungio. Penye kuvuja patatoa mapovu. Usitumie kiberiti kutafuta gesi.

Hatari ya pili ni moshi usioonekana. Mkaa, jenereta na bomba la moshi lililotoboka hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Makaa hutoa sumu hiyo hata yasipotoa moshi, hata yakifunikwa na majivu. Usiku wa baridi wa Makete au Limuru, mtu huingiza jiko ndani apate joto, hufunga milango, hulala na haamki. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kuishiwa nguvu. Kama wote mliomo ndani mnaumwa kichwa kwa pamoja, msiseme ni uchovu wa safari. Tokeni nje mara moja, kisha muende hospitali. Asiachwe mtu alale kwanza ili apumzike. Kengele ya kugundua sumu hii inauzwa. Ukiipata, inunue kabla ya friji.

Vilevile, usilale injini ikiunguruma, hata kwa kutaka feni au kuchaji betri.

Maji safi na maji machafu

Tangi la maji huota utelezi likikaa. Kila baada ya miezi michache lioshe kwa dawa ya klorini kwa kufuata maelezo ya pakiti, kisha lisuuze. Likikaa muda mrefu bila kutumika, maji ya kunywa beba kwenye dumu.

Maji ya vyombo na ya kuoga yawe na ndoo au tangi lake. Usiyafungulie karibu na kisima wala mtoni. Kinyesi cha choo cha gari kimwagwe kwenye choo. Wanakijiji waliokupa mahali pa kuegesha ndio wanaokunywa maji ya mto ule.

Likikaa bila kutumika

Kusimama huliumiza gari kama safari inavyoliumiza. Kabla ya kuliegesha kwa mwezi au zaidi, mwaga maji yote, toa chakula chote ili panya wasiingie wakatafuna waya, funga mtungi na uutoe nje. Chomoa waya wa hasi wa betri au iache kwenye sola yenye kidhibiti chaji. Egesha kivulini, mbali na majani marefu. Kila baada ya wiki mbili hivi, washa injini na ulitembeze mpaka lipate moto vizuri. Kuliwasha dakika mbili na kulizima humaliza betri bila faida.

Mafuta ya injini yabadilishwe angalau mara moja kwa mwaka hata kama kilomita hazijatimia. Mkanda wa taimingi nao una miaka yake, si kilomita tu.

Kila usiku, kabla ya kulala

Kagua mambo matano: mtungi umezimwa, hakuna moto wala makaa ndani, matundu ya hewa hayajazibwa, mlango unafunguka kutoka ndani, na ufunguo uko mahali ambapo kila aliyemo anapajua. Ni kazi ya dakika moja.