Uraibu ni maradhi: Njia ya kuacha pombe na dawa za kulevya Tunduma

MJI wa Tunduma, mkoani Songwe, hupata riziki yake kutokana na mpaka wa Tanzania na Zambia. Malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo hupita hapo, na madereva, mawakala, wapagazi na wafanyabiashara hukesha wakisubiri mizigo. Penye fedha za papo kwa papo na watu walio mbali na jamaa zao, pombe, bangi na heroini hazikosi wateja.

Hata hivyo, si kila anywaye au avutaye ni mraibu. Toleo la 10 la mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani lilitaja dalili sita: hamu isiyozuilika, kushindwa kujiwekea kiasi, kuugua mtu anapoacha, kuhitaji kiwango kikubwa zaidi kadiri siku zinavyopita, kutelekeza kazi na familia, na kuendelea kutumia huku madhara yakionekana. Zikijitokeza tatu au zaidi ndani ya mwaka mmoja, mhusika alihesabiwa kuwa mraibu. Toleo la 11, lililoanza kutumika mwaka 2022, limezikusanya dalili hizo katika mafungu matatu.

Chanzo kimo ndani ya ubongo. Kilevi huamsha kwa nguvu sehemu inayompa binadamu raha na ari ya kutenda. Baada ya muda, ubongo huzoea, raha hupungua, na mtu hutumia ili tu asiumwe. Ndiyo maana kukemewa, kupigwa au kuapishwa peke yake hakutoshi kumponya.

Hapa ndipo familia nyingi hukosea kwa nia njema, zikimfungia kijana chumbani hadi "kiishe". Kwa mtumiaji wa heroini, maumivu ambayo vijiwe huyaita arosto huanza kati ya saa 8 na 12 baada ya dozi ya mwisho. Huwa makali mno, ila ni nadra kuua mtu mzima mwenye afya. Kwa mlevi wa pombe wa miaka mingi hali ni tofauti: kuacha ghafla kwaweza kuleta degedege na kuchanganyikiwa ndani ya siku tatu za mwanzo, na bila tiba anaweza kufa. Huyo apelekwe hospitali kwanza.

Kwa waraibu wa heroini ipo methadoni, dawa ya kunywa inayotuliza arosto kwa takriban siku nzima, nayo hutolewa mbele ya mhudumu. Tanzania ilianza kuitoa Muhimbili mwaka 2011, na huduma ikafika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya mwaka 2017. Kwa mkazi wa Tunduma, Mbeya ni mwendo wa kilomita 100 hivi, na dawa inayonywewa kila siku humdai nauli kila siku. Kliniki zaidi zimefunguliwa mikoani tangu hapo, hivyo ni vyema kuuliza hospitalini ilipo iliyo karibu.

Baada ya mwili kutulia, kazi kubwa hubaki: ushauri nasaha, vikundi vya waliokwisha kuacha, kubadili marafiki na vijiwe, na kupata shughuli. Nyumba za upataji nafuu, zilizoenea Zanzibar na Tanzania Bara, hufundisha hayo kwa miezi kadhaa.

Wengi huteleza njiani, kama ilivyo kwa mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu, na hiyo haimaanishi kwamba tiba imeshindwa. Lakini aliyeacha heroini kwa wiki kadhaa, iwe nyumbani au gerezani, mwili wake haustahimili tena kiwango cha zamani. Akikirudia kile kile, pumzi yaweza kusimama. Jamaa wamweleze hatari hiyo mapema, na akiteleza wamrudishe kliniki bila kumfukuza nyumbani.