Hariri ya Etles na Mipaka ya Macho ya Msafiri

Maandishi mengi kuhusu hariri ya Wauighuri huanza na binti mfalme. Xuanzang, mtawa wa Kibudha aliyepita Hotan, katika Xinjiang ya leo magharibi mwa China, mwaka 644, alisimulia jinsi bibi harusi kutoka mashariki alivyoficha mbegu za mforsadi na mayai ya viwavi wa hariri katika vazi lake la kichwani, akayavusha mpakani hadi kwa mumewe, mfalme wa Hotan. Mwaka 1900 mwanaakiolojia Aurel Stein alifukua katika magofu ya Dandan Oilik ubao uliochorwa kisa hicho, na leo umehifadhiwa British Museum. Msafiri hukipenda kisa hiki, na kupenda huko hakuna ubaya. Lakini kinamzoesha kumwona mfumi kama mlinzi wa siri ya kale, ilhali mfumi ni fundi mwenye wateja, na wateja hao ndio walioiweka kazi yake hai. Makala hii inatetea hoja moja: etles, yaani hariri hii ya Wauighuri, imedumu kwa sababu wanawake wa Kiuighuri waliivaa, na mvuto wake kwa wageni hauwezi kuziba pengo la wavaaji hao.

Thamani ya kitambaa hiki imo katika namna kinavyotengenezwa. Etles hupambwa kabla haijafumwa. Vifukofuko vya viwavi huchemshwa katika sufuria kubwa hadi gundi yake ilegee, kisha nyuzi kadhaa huvutwa pamoja na kuzungushwa kwenye gurudumu, kwa kuwa uzi wa kifukofuko kimoja ni mwembamba mno ingawa waweza kukaribia urefu wa kilomita moja. Nyuzi za mtande hutandazwa, mchoraji akaziwekea alama, halafu mafungu yake hukazwa kwa kamba mahali pasipotakiwa kunywa rangi. Huchovywa, hufunguliwa, hufungwa upya mahali pengine, huchovywa tena. Kwa kuwa rangi hupenya kidogo chini ya kamba, kingo za ua hutoka zikiwa na mtawanyiko, na hakuna vipande viwili vinavyolingana kabisa. Mshindio hupitishwa mwisho, baada ya uamuzi wote mgumu kuwa umeshafanyika. Zamani rangi zilitoka katika maganda ya komamanga, maganda ya jozi, nili na mizizi. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 rangi za viwandani zilianza kuchukua nafasi yake. Upana wa kitambaa ni takriban sentimita 40 tu, hivyo gauni hushonwa kwa kuunganisha vipande, na fundi mzuri hujua kuyakutanisha maua kwenye mshono.

Jiya, nje ya mji wa Hotan, msafiri huweza kuona hatua hizi zote kwa saa moja. Huo ni mvuto wa haki: katika dunia ya nguo zisizo na asili inayojulikana, kumwona mtu akifanya kazi kwa mikono ni jambo zito. Watetezi wa utalii husema, tena kwa ukweli fulani, kwamba bila wageni karakana nyingi zingeshindwa na vitambaa vya kuchapwa kwa mashine. Hata hivyo, mgeni hanunui kitambaa cha gauni la harusi; hununua skafu. Hajui kutofautisha ua lililofungwa vizuri na lililofungwa kwa haraka. Mama anayemnunulia binti yake kitambaa cha arusi hujua, na hukumu yake ndiyo shule ya mfumi.

Basi swali linalofaa kuulizwa ni hili: jamii inayotoa hukumu hiyo iko katika hali gani? Mwaka 2008 China iliuweka ufundi wa etles katika orodha yake ya taifa ya urithi usioshikika. Lakini jangwani, si mbali na Jiya, lilikuwapo kaburi takatifu la Imam Asim, ambako kila Mei mahujaji walikusanyika kwa maelfu. Picha za setilaiti zilizochapishwa mwaka 2019 zilionyesha majengo yake yameondolewa. Rahile Dawut, profesa wa Kiuighuri aliyetafiti makaburi kama hayo kwa miaka mingi, alitoweka Desemba 2017, na mwaka 2023 ikathibitika kwamba alihukumiwa kifungo cha maisha. Agosti 2022 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema kwamba waliyotendewa Wauighuri huko Xinjiang huenda yakawa jinai dhidi ya ubinadamu. Serikali ya China inakanusha. Siwezi kukubali kwamba ufundi unahifadhiwa pale ambapo ibada, lugha na wanazuoni wa wenye ufundi huo wanabanwa. Kinachohifadhiwa hapo ni mbinu iliyotengwa na maisha yake.

Mfano wa Margilan, Uzbekistan, unaonyesha njia nyingine. Kituo cha ufundi kilichoanzishwa huko mwaka 2007 kilifundisha vijana kufuma atlasi na adras, vitambaa vya aina moja na etles, na kurudisha rangi za mimea, na mwaka 2017 UNESCO ikakitambua kama kielelezo cha uhifadhi. Wageni hufika huko pia, lakini hawabebi mzigo wote, kwa sababu Wauzbeki wenyewe bado huvaa vitambaa hivyo kwenye arusi na sikukuu zao.

Kwa upande wa Hotan, mnunuzi wa mbali ana kikwazo kingine: tangu Juni 2022 sheria ya Marekani huchukulia bidhaa yoyote ya Xinjiang kuwa imetokana na kazi ya kulazimishwa hadi ithibitishwe vinginevyo. Naiona sheria hiyo kuwa ya haki katika shabaha yake, ingawa inamgusa pia mfumi wa nyumbani asiyelazimishwa na mtu. Lawama ya hasara yake iwaendee waliofanya ukaguzi huru usiwezekane. Na wanaosafiri kwenda Hotan, pamoja na sisi tunaoandika juu ya nguo, tuulize habari za wavaaji kabla ya kusifu kitambaa.