Uko Kebirigo na Ndai ya Turbo? Tafuta Fundi wa Tyuni Kwanza, Kifaa Baadaye

Umechukua loan ya sacco, umeuza ng'ombe mbili za mzae kwa ruhusa yake, na sasa Forester XT ya mkono wa tatu imepaki hapo stage ya Kebirigo. Madere wa Probox wanaiangalia. Beste yako amekutumia link ya kifaa cha kutyuni kutoka Marekani na anakushow ukinunua hiyo tu, gari itapaa. Hebu shikilia doh kwanza.

Wengi huanza na kifaa. Wananunua, inafika, halafu ndio wanaanza kuuliza nani anajua kuitumia. Hiyo ni kama kununua sare ya harusi kabla hujapata bibi. Kifaa ni mlango tu wa kuingia kwa kompyuta ya gari. Kazi yenyewe inafanywa na mtu, na kila fundi wa tyuni ako na mlango wake amezoea. Ukimpata fundi, yeye ndiye atakuambia ununue nini.

Tuelewane kidogo kuhusu kazi yenyewe. Kompyuta ya injini, yaani ECU, inaamua mambo matatu makubwa: petroli iingie kiasi gani, plagi iwashe saa ngapi, na turbo isukume hewa kwa presha gani, ile tunaita busti. Maamuzi yote yameandikwa kwa majedwali ndani yake, na hayo majedwali ndio mapu. Kutyuni ni kubadilisha hizo namba. Ukikosea kwa petroli ama kwa saa ya plagi, mafuta yanalipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake. Hiyo ndio noki. Kwa Subaru za EJ, hasa zile za lita 2.5 zenye turbo, noki inavunja kingo nyembamba za pistoni zinazoshika ringi. Baada ya hapo ni moshi wa bluu, oili inaisha kila wiki, na wewe unatafuta injini nyingine.

Hewa ya kwetu na petroli ya kwetu

Hapa ndipo mapu ya kudownload kutoka kwa intaneti inakuchomea. Kuna vitu viwili.

Cha kwanza ni petroli. Turbo nyingi za Subaru zilizotoka Japani ziliandikiwa mapu ya petroli yao ya juu. Sheria ya kule inataka isipungue RON 96, na kwa pampu mara nyingi inafika 98 hadi 100. Super yetu ya kawaida inahesabiwa RON 93. Kwa hivyo hata gari ikiwa stoki kabisa, kompyuta tayari inapigana na noki kila ukikanyaga. Ongeza petroli iliyochanganywa na mafuta taa na mambo yanakuwa mabaya zaidi, maana mafuta taa yanashusha okteni vibaya sana. Huo mchezo ulikuwa mkubwa hadi serikali mwaka wa 2018 ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili isilipe tena kuchanganya. Chagua stesheni moja unayoiamini, na mwambie fundi ni gani. Gari ityuniwe na mafuta utakayonunua kila siku, si mafuta mazuri ya siku moja.

Cha pili ni urefu wa mlima. Kebirigo iko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Presha ya hewa huku ni kama bar 0.8, na Mombasa ni bar 1. Gari isiyo na turbo inapoteza karibu moja kwa tano ya nguvu na maisha yanaendelea. Turbo nayo inajaribu kufidia. Chukua mapu inayotaka jumla ya bar 2 ndani ya injini: Mombasa turbo inazidisha hewa mara mbili, lakini hapa kwetu inabidi izidishe mara mbili na nusu. Inazunguka kasi zaidi, hewa inatoka ikiwa moto zaidi, na hewa moto inaita noki. Kwa hivyo mapu ya jamaa wa Nyali yenye "iko tu fiti" inaweza kuua injini yako ukipanda kutoka Kisii ukielekea Nyamira.

Nairobi iko karibu mita 1,700, kwa hivyo hewa yake inafanana na yetu sana. Gari iliyotyuniwa vizuri Nairobi haitashtuka ikifika Kebirigo. Ukishuka Kisumu, kama mita 1,130, hewa inakuwa nzito kidogo, na mapu nzuri inapaswa kujua hiyo tofauti. Muulize fundi swali hilo hilo: "Nikitoka kwetu nishuke Kisumu, hii mapu itafanya nini?" Akikuangalia tu, umepata jibu.

Sasa vifaa

Njia ya bei nafuu ni kebo ya Tactrix Openport 2.0, kama dola 200 ikiwa genuine, na lapi. Programu za EcuFlash na RomRaider ni za bure na zinashika Subaru nyingi za zamani. Nikikuambia ukweli, kwa Legacy GT ama Impreza WRX ya miaka ya 2000, hii inatosha kabisa ukiwa na fundi anayeijua. Kuna kebo feki za bei ya chini mtandaoni. Kusoma logi zinaweza kusoma, lakini usizitumie kuandika mapu. Uandishi ukikatika katikati, ECU inakufa, na utakuwa umeokoa elfu chache ili ununue kompyuta nyingine.

EcuTek ni ya Waingereza. Hapo hununui kifaa, unalipia leseni ya gari yako kupitia kwa fundi mwenye vifaa vyake. Ni njia safi, na inashika hata zile mpya za FA20, kama Forester ya SJG na WRX S4. Ubaya wake ni kwamba ECU ikishafungwa na EcuTek, ile kebo ya Openport haiwezi kuisoma tena. Gari yako ikiwa imepitia mikono mitatu, inawezekana ilifungwa zamani na mwenye hajui. Mwambie fundi aangalie kabla ya kulipa chochote.

Cobb Accessport ndio kila mtu anaiona kwa YouTube. Ni kifaa kizuri, kinashikika mkononi, kinaonyesha namba ukiendesha. Lakini orodha yake imejengwa zaidi kwa magari ya soko la Marekani. Forester ya Japani inaweza kukosa kwa orodha hata kama injini ni ndugu moja. Tena kifaa hicho kinafunga ndoa na gari moja. Ukinunua cha mtumba ambacho mwenyewe hakukitoa kwa gari yake ya kwanza, umenunua kalkuleta.

ECU kamili za kubadilisha, kama Link ya New Zealand ama Haltech ya Australia, ni za mtu ambaye ameshabadilisha turbo, injekta na pistoni. Utaanza kuhesabu dola elfu moja na kuendelea, kabla ya kazi ya fundi. Kama gari yako ni ya kwenda soko Jumamosi na kanisa Jumapili ama Sabato, wachana nayo.

Halafu kuna ile valvu ya busti ya mkono, ya elfu mbili tatu, unazungusha screw na gari inakimbia. Hiyo usiguse. Inaongeza hewa bila kompyuta kuandikiwa chochote kuhusu petroli na plagi. Injini nyingi hapa zimezikwa nayo.

Kitu kimoja nakwambia ununue hata kabla ya tyuni ni sensa ya oksijeni ya kupima mchanganyiko vizuri, ile ya AEM ama Innovate, na geji yake. Sensa ya stoki haiwezi kupima ukikanyaga mpaka mwisho. Turbo ya petroli ikivuta kwa busti inataka karibu 11 za hewa kwa 1 ya petroli. Ukiona 13 na busti iko juu, toa mguu.

Kumjua fundi

Mtumie meseji fupi: "Nataka hosipawa 300, ni ngapi?" Akikujibu na bei peke yake, songa. Fundi mzuri atakurudishia maswali. Injini gani, imetembea kilomita ngapi, unaweka petroli wapi, unaishi wapi, ekzosti na intakula ni za stoki? Atataka injini ipimwe kompresheni kwanza. Atauliza plagi na koili ni za lini. Kwa EJ za kuanzia kati ya miaka ya 2000, atauliza kama kile kichujio kidogo ndani ya bolt ya oili ya turbo kimeshaangaliwa, maana kikiziba turbo inakufa kiu. Anakusumbua, eeh, lakini huyo ndiye unamtaka.

Usidanganyike na karatasi ya daino yenye namba kubwa. Mashine nyingi za daino zina hesabu ya kusahihisha urefu wa mlima, na kwa urefu wa Nairobi hiyo hesabu inaweza kuongeza karibu asilimia 20. Hesabu hiyo ilifikiriwa kwa injini isiyo na turbo. Muulize: "Hii imesahihishwa ama haijasahihishwa?" Halafu omba akuonyeshe logi za gari nyingine kama yako. Kwa Subaru kuna namba inaitwa DAM, ambayo kwa ECU za zamani inaitwa IAM. Hiyo ni kiwango ambacho kompyuta inaamini petroli na mapu yako. Inapaswa kukaa 1.0, ama 16 kwa zile za zamani. Ikishuka na kukaa chini, gari imekuwa ikisikia noki. Soma ya gari yako hata leo, kabla hujabadilisha kitu. Kuna wasee watapata yao iko chini na gari ni stoki.

Tyuni ya mbali na barabara yetu

Daino nyingi ziko Nairobi, na safari ni zaidi ya kilomita 250. Ndio maana watu wa ocha wanapenda tyuni ya mbali: unarekodi logi, unatuma kwa WhatsApp, fundi anarudisha mapu, unaandika, unarudia. Inafanya kazi. Lakini fundi atataka logi ya gia ya tatu kutoka chini mpaka karibu mzunguko 6,500. Kwa WRX ya gia tano hiyo inakaribia 130 kwa saa.

Sasa fikiria hiyo 130 kwa barabara ya Kisii-Nyamira. Kona kila mahali, wamama na mikungu ya ndizi, boda wanatoka vichochoroni, trekta ya majani chai inageuka kuingia factory, watoto wa shule saa kumi. Hakuna mapu inastahili mtoto wa mtu, na tena sheria inakomea 110 hata kwa barabara nzuri zaidi. Fanya hivi: zile logi za kuendesha polepole, za baridi asubuhi na za kupanda mlima, zirekodi huku kwetu. Zile za kukanyaga mpaka mwisho, panga safari moja ya Nairobi, lala kwa cousin, ulipe daino masaa yake. Gharama ya safari na daino ukiijumlisha bado ni kidogo kuliko injini ya pili.

Kabla fundi aanze, mwambie akupe nakala ya mapu ya stoki ya gari yako, uiweke kwa email yako mwenyewe. Mkubaliane pia mapu mpya ni ya nani, na kama anaifunga. Mafundi wengi hufunga, ni kazi yao na siwalaumu, lakini ujue mapema kwamba akihama ama akikosa kushika simu, fundi wa pili ataanza upya na utalipa upya. Insurance yako pia iambiwe kuhusu mabadiliko, na ukibadilisha injini nzima, logbook ibadilishwe na NTSA. Siku utauza gari, mpe mnunuzi ile nakala ya stoki pamoja na funguo ya pili.